Wajina Hageuki

Chamazi, 9 Februari 2025

Kwa Daktari Kokushubila, mkuu wa mradi wa kupima makuzi ya watoto, Kinondoni,

Hapa unasemeshwa na mtu aliyelea watoto tisa kwa mikono yake miwili. Amewafuta kamasi, amewabeba mgongoni, na hakuna jambo la mtoto asilolijua. Ukikwama, achana na vitabu vyako, njoo uniulize mie.

Haya, basi. Vaileth, mhudumu wa afya wa mtaa wetu atakayekuletea barua hii, ananichungulia begani na anacheka, kwa hiyo bora nikubali mapema. Hao tisa aliwalea mama yao, Mungu amrehemu. Mie nilikuwaga naingia jioni, nahesabu vichwa, vikitimia nalala. Kuna siku hesabu ilizidi, nikamshukuru Mungu, kumbe mmoja wa jirani. Lakini hilo halinizuii kukwambia kwamba dodoso lako ni la kipuuzi.

Jumanne mkwe wangu Felicitas alimpeleka mjukuu wangu zahanati. Mtoto ana miaka miwili na kidogo. Baba yake ni dereva wa malori ya Tunduma, hakai nyumbani, kwa hiyo mie nilisindikiza, nikaketi kwenye benchi la nje. Muuguzi akashika dodoso lako, akasoma jina kwenye kadi, akasimama nyuma ya mtoto, akaita: "Albano! Albano!"

Mtoto kimya, anapanga vifuniko vya soda sakafuni.

Nikaitikia mie. "Naam!" Muuguzi akatoa kichwa dirishani: "Mzee, hatujakuita wewe, tulia." Akarudi, akaita tena, mtoto kimya, akaweka alama. Kisha akamwambia mkwe wangu kwamba mtoto ana dalili za usonji, na apelekwe kwa wataalamu.

Sasa nisikilize vizuri, Daktari. Albano ni mie. Mtoto karithi jina langu, na kwetu Umatengoni mke wa mwanangu hatamki jina langu. Akilitamka ni kama kanivua shati sokoni. Kwa hiyo jina limebaki kwenye kadi na kwenye cheti cha ubatizo. Mama yake humwita Babu. Mie namwita Wajina, na mtaa mzima umefuata. Tangu azaliwe hakuna aliyemwita Albano isipokuwa padri, tena alikuwa anammwagia maji na mtoto anapiga kelele.

Mmemwita kwa jina la mtu mwingine, hakuitika, mkasema ana kasoro. Mie nikikuita wewe Anastasia barabarani usipogeuka, nikupeleke hospitali?

Ukimwita Wajina, anageuka kama askari.

Habari imeshazagaa. Mwalimu wa kituo cha kulelea watoto kamwambia mkwe wangu ambakize nyumbani kwanza. Sasa mkwe wangu anashinda naye, na genge lake la mboga limefungwa. Wanawake wa bombani wanamuuliza alikula nini alipokuwa mjamzito. Na yeye anainama tu.

Futa hiyo alama. Sikuombi, nakwambia.

Mimi,
Mzee Albano Ndunguru, muuza mkaa

*

Kinondoni, 20 Februari 2025

Mzee Albano Ndunguru,

Shikamoo.

Nimepokea barua yako na ninathamini maoni yako. Napenda kukuhakikishia kuwa dodoso letu limetokana na lile linalotumika katika nchi nyingi. Limetafsiriwa kwa Kiswahili na jopo la wataalamu, kisha likarudishwa kwa Kiingereza na watu wengine ili kuthibitisha kwamba maana haikupotea.

Alama aliyopata mjukuu wako haisemi kwamba ana usonji. Inasema tu kwamba anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi. Kuitikia jina ni swali moja kati ya mengi, na alama haiwezi kufutwa kwa maombi ya familia.

Nimemwomba Vaileth apite nyumbani kurudia maswali kwa mama. Nashauri msichelewe. Mtoto mwenye usonji akianza kusaidiwa mapema, hufaidika zaidi.

Wako katika huduma,
Dkt. Kokushubila

*

Chamazi, 2 Machi 2025

Daktari,

Barua yako nilipoifungua nilidhani ni ya kukatiwa umeme. Nikatafuta humo ndani mtu aliyeniandikia, sikumwona.

Unasema maswali yametafsiriwa halafu yakarudishwa kwenye Kiingereza kuangalia kama yamefika salama. Yamefika salama wapi? Yalitoka Ulaya, yakageuzia Kinondoni, yakarudi Ulaya. Chamazi hayakushuka.

Vaileth alikuja na hayo maswali yako, nami nikakaa nao palepale mkekani, nisipitwe. Kumbe ndiyo haya! "Je, mtoto hukutazama machoni unapomsemesha?" Mtoto wa nani anamkodolea babu yake macho anaposemeshwa? Wanangu nimewachapa kwa hilo. "Je, hunyoosha kidole kukuonyesha kitu?" Akimnyooshea mtu kidole tunampiga kikofi cha mkono, tunamwambia aache. "Je, humnywesha mdoli chai?" Mdoli yupi? Humu ndani mtoto anacheza na makopo ya mkaa. Na chai yenyewe, mama yake akipata ya kumpa yeye na si ya kumpa plastiki, tunashukuru.

Halafu nikuambie akili za huyo mnayemsingizia. Nikimwaga mkaa uani anachagua vipande, anavipanga kimoja kimoja, kikubwa kwenda kidogo, mstari umenyooka kama reli. Ukisogeza kimoja analia mpaka ukirudishe. Ansbert, baba yake, umri huo alikuwa anakula mchanga. Huyu ni injinia, Daktari. Nyie Wahaya mnapenda sana wasomi, sasa mmempata mnataka kumtibu.

Na matokeo, umeyaona? Mkwe wangu kajibu ndiyo kila swali. Anatazama? Ndiyo. Anaonyesha? Ndiyo. Anaitika? Ndiyo. Mie nipo hapohapo, nimesikia kwa masikio yangu, kila ndiyo naitikia kwa kichwa. Sasa nani mwongo, mama aliyemzaa au muuguzi aliyekosea jina?

Siku moja mtawaandika watoto wote wa nchi hii kwamba wana kasoro, kwa sababu hawafanani na watoto wa kwenye karatasi.

Nasubiri alama ifutwe. Ukija kuifuta, usije mikono mitupu. Nasikia kwenu kuna senene watamu.

Mie yuleyule,
Albano, ambaye akiitwa anaitika

*

Chamazi, 5 Machi 2025

Daktari,

Shikamoo. Mimi ni Felicitas, mama wa mtoto mwenye jina la baba mkwe. Nisamehe silitaji, hata kuliandika mkono unagoma.

Barua hii naomba baba asiijue. Vaileth kaniahidi kukupa mkononi.

Yale maswali nilijibu uongo. Vaileth alipoanza kuuliza baba alikuwa amekaa nasi mkekani. Kila nikifungua mdomo ananiangalia, na akisikia ndiyo anatikisa kichwa kwa furaha. Ningesemaje hapana mbele ya mkwe wangu? Ingekuwa kumwambia wewe na jina lako mmetuharibikia. Kwa hiyo nikasema ndiyo mpaka mwisho.

Dada Daktari, mtoto haniangalii. Namwita Babu, namwita mwanangu, namwita kwa kupiga makofi, hageuki. Si kwamba hasikii, masikio walimpima wakasema ni mazima. Siku za mechi pale uwanjani watu wakishangilia goli anaziba masikio na kujikunja. Alikuwaga anasema "maji" na "mama". Sasa ni miezi hajasema. Akitaka nijue ana kiu ananishika mkono na kuupeleka kwenye ndoo, kama mkono ni kijiko.

Baba anamwambia kila mtu mtaani kwamba kosa lilikuwa la jina. Nilimsikia anamweleza fundi baiskeli, anacheka mpaka anakohoa. Tangu mama mkwe afe sijamwona na furaha hiyo. Ndiyo maana nimenyamaza. Lakini wewe umeandika kwamba mtu asichelewe, na mimi naona nachelewa.

Kweli waliita jina ambalo mtoto halijui. Hilo baba kasema kweli. Lakini hata wangeita yote anayoyajua, ingekuwa vilevile.

Nifanyeje?

Felicitas

*

Kinondoni, 14 Machi 2025

Shikamoo Mzee Albano,

Safari hii nakuandikia kwa mkono, uone kama kuna mtu ndani.

Barua yako niliisoma mbele ya wenzangu wote kwenye mkutano wa mradi. Nilipofika pale kwa mdoli walicheka, nilipofika kwenye "Chamazi hayakushuka" hakuna aliyecheka. Mzee, tulikaa hotelini wiki nzima tukibishana kama tuandike "huonyesha" au "huelekeza". Chakula kizuri, viyoyozi, wataalamu kutoka nje. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: huyu mtoto nyumbani mnamwitaje? Na mimi nilikuwemo, mimi ambaye mama yangu hajawahi kuniita Kokushubila, ananiita Koku, na nikisikia jina zima najua nimekosa. Nilikasirika nikakosa wa kumkasirikia.

Kuanzia sasa swali la kwanza la dodoso letu ni hilo: mnamwitaje. Anayemwita ni mama au mtu aliyemzoea, si muuguzi. Swali la mdoli tumelitoa, tumeweka kupika kwa makopo na mchanga. Na mama ataulizwa akiwa peke yake, bila mtu mwingine wa nyumbani kukaa karibu, awe mume, mkwe au nani.

Lakini kuna kitu ambacho barua yako haikunithibitishia, nami sitaki kukudanganya. Swali kuwa bovu hakumaanishi kwamba jibu ni zuri. Alama ya kwanza nimeifuta kama ulivyotaka. Sasa naomba nije mwenyewe nianze upya, kwa jina lake la kweli. Nitafika Jumamosi ijayo asubuhi.

Wewe umetusahihishia kazi, nina deni kwako. Mbali na senene, ambao msimu wao bado, niombe jambo moja dogo nililo na uwezo nalo. Nitalifanya.

Mjukuu wako wa kujipachika,
Koku

*

Chamazi, 27 Aprili 2025

Koku,

Nianze na lile koleo la mkaa. Sikukusudia kukupiga nalo. Nililenga geti, na geti nililipata. Ulivyokimbia na viatu mkononi, watoto wa mtaa bado wanakuigiza. Kama hamjaweka kuigiza kwenye maswali yenu, wekeni, hawa wote watafaulu.

Nimekaa kimya tangu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na mie nikiwa na hasira herufi zinakuwa kubwa, karatasi haitoshi.

Jumamosi ile mliniambia nikae nje. Nikakaa chini ya dirisha. Nikamsikia mama yake anaita, "Babu." Kimya. "Babu, mwanangu." Kimya. Nikasema moyoni, mjinga huyu mwanamke hajui kuita. Nikasimama, nikapenyeza mdomo kwenye nondo, nikaita mie, kwa sauti ile ya kuitia wanangu tisa: "Wajina!" Mkwe wangu alishtuka. Wewe ulidondosha kalamu. Mbuzi wa jirani aligeuka. Yeye aliyeitwa alikuwa amenipa kisogo, anapanga vifuniko.

Ndipo nikaingia na koleo, nikasema mmemroga.

Mlipoondoka nilimchukua uani, sie wawili tu. Nikaita Wajina. Nikaita Babu. Nikaita hata Albano, nikajiitikia mwenyewe. Nikamshika kidevu, macho yakateleza pembeni kama nimemwonyesha jua. Halafu nikashika koleo kuchota mkaa, lilipokwaruza sakafu, akageuka. Papo hapo. Kichwa chote. Akaja, akachukua kipande, akaanza mstari wake. Kwa hiyo anasikia, Koku. Anasikia koleo. Ni mie tu hanisikii.

Nilikuandikia kwamba nikimwita anageuka kama askari. Hakuwahi kugeuka. Nilikuwa namwita anakuja kwa sababu nilikuwa namwita nikiwa na koleo mkononi, na mie mzee mzima nikajipa sifa za chuma.

Jioni nilimuuliza Felicitas, umelijua hili tangu lini? Akainama. Nikamwambia inua kichwa, leo nimekuruhusu. Akasema tangu alipoacha kusema maji. Mwaka jana! Mwaka jana, Koku, na mie nimekaa mkekani natikisa kichwa kama mjusi. Alinistahi. Sijawahi kuichukia heshima kama nilivyoichukia siku ile. Kumbe ndiyo maana uliandika lile neno lako la "peke yake". Nililisoma nikajua unanisema, nikajifanya sijaona.

Lakini usidhani nimekuja kupiga magoti. Hasira bado ninayo, imehama tu chumba.

Naanza na karatasi yenu. Ilifika nyumba yenye mgonjwa kwa kupotea njia. Mlikosea jina, mkapatia mtoto, mkataka tuwashukuru. Je, yule wa nyumba ya nyuma, aliyeitwa jina la babu yake asilolijua, na yeye ni mzima, anaongea kama redio, mkamwandika? Mama yake kaacha kumtoa nje. Na yule mwingine ambaye mama yake alijibu ndiyo mpaka mwisho kwa sababu bibi yake alikuwa amekaa pale? Huyo kapewa alama nzuri, kaenda nyumbani, na hakuna atakayemfuata. Rudini. Rudini mlango kwa mlango mkaulize upya, msije mkasema dodoso jipya ni la watoto wapya.

La pili. Kupitia Vaileth ulimpa Felicitas barua ya kumpeleka mtoto kwa wataalamu, na maelekezo ya kufanya nyumbani. Kaenda alfajiri, kakaa na mtoto anayeziba masikio katikati ya watu wanaopiga kelele, akaambiwa nafasi ni Novemba. Novemba! Nyie mlisema msichelewe. Sasa nani anachelewa? Mna haraka ya kumwandika mtoto, hamna haraka ya kumpokea. Mtu anakuamsha anakwambia nyumba yako inaungua, halafu anakwambia maji utayapata mwishoni mwa mwaka!

Hatukai bure tukisubiri. Yale uliyomwelekeza Felicitas tunayafanya. Namketisha mbele yangu, nakwaruza koleo, akigeuka nasema "Wajina" na kumpa kipande cha mkaa. Nakwaruza, nasema, nampa. Mtaa unaona nimechanganyikiwa. Fundi baiskeli kaniuliza kama namfundisha biashara. Nikamwambia namfundisha jina langu, hilo ni gumu kuliko biashara. Yule mwalimu wa kituo naye nimemwendea. Tumekubaliana mtoto arudi asubuhi tu, na Felicitas kafungua genge. Makubaliano hayo yalikuwa na kelele kidogo, lakini koleo niliacha nyumbani.

Wa bombani nao wameniuliza mkwe wangu alikula nini. Nimewaambia alikula maneno yao.

Sasa lile deni lako. Senene nimekusamehe mpaka msimu ufike. Uliandika jambo dogo moja, na barua ninayo, usijifanye Mhaya ukanitolea Kiingereza.

Kadi yake imeandikwa Albano. Novemba ataitwa dirishani na mtu asiyemjua, kwa jina asilolijua, na huyo mtu ataweka alama kama yule wa kwanza, kwa sababu dodoso lako jipya halijafika huko. Kadi hairuhusiwi kuandikwa na sie, muuguzi kanifokea. Wewe una muhuri. Njoo, au tuma mtu, uandike chini ya Albano, kwa herufi zinazosomeka: nyumbani anaitwa Wajina, na mama yake humwita Babu.

Najua pengine hatageuka. Mwache asigeuke, lakini awe ameitwa yeye.

Albano Ndunguru